Jembe na Kalamu: Historia ya Kazi na Uandishi wa Kiingereza katika Shule Zetu

Jembe na kalamu vimeishi miaka mingi katika nyumba moja ya shule bila kusemezana. Mwanafunzi hushika jembe asubuhi, akashika kalamu mchana. Lakini ni mara chache alipoambiwa aandike habari za jembe lake, na mara chache zaidi alipoambiwa aziandike kwa Kiingereza, lugha ambayo kwayo atapimwa, na kwayo atapanda au atakwama. Makala haya yakusudia kueleza jinsi vitu hivi viwili vilivyotengana, na kwa nini ile njia ya kufundisha kwa miradi, ambayo imeingia nchini zaidi ya mara moja kwa majina mbalimbali, haijawafaa wanaojifunza kuandika Kiingereza kadiri ambavyo ingaliweza. Tutalitazama jambo hili tukisimama mahali pamoja, yaani Mlali, chini ya milima ya Uluguru.

Msafiri atokaye mjini Morogoro kwa barabara ya Iringa huiacha barabara kuu pale Sangasanga, akaelekea Mzumbe, kisha Mlali, na baada ya hapo njia huanza kupanda kwenda Mgeta. Mlali basi ni kama kizingiti: mbele yako mlima, nyuma yako uwanda. Maji ya mito ishukayo kutoka Uluguru hulisha mashamba ya nyanya na mboga, kisha hukusanyika katika bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 ili kuupa mji wa Morogoro maji ya kunywa. Nyanya hupangwa katika matenga, zikapakiwa katika magari, zikaenda Morogoro na Dar es Salaam. Mtoto azaliwaye hapo husikia Kiluguru kwa bibi yake, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na akiingia sekondari hukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili na mengine machache, limeandikwa kwa Kiingereza. Ajuayo mtoto huyo juu ya maji, udongo, mbolea na bei ya soko ni mengi. Awezayo kuyaandika kwa Kiingereza ni machache. Pengo hilo ndilo shabaha ya maneno yetu.

Kwanza yatupasa kufahamu neno lenyewe. Kufundisha kwa mradi maana yake ni kuwapa wanafunzi kazi ya kweli, yenye mwanzo na mwisho, ambayo matokeo yake yanahitajiwa na mtu fulani, na kuyafanya mafunzo yazaliwe na haja za kazi hiyo. Huko Marekani mwanafalsafa John Dewey alifungua shule yake ya majaribio mjini Chicago mwaka 1896, watoto wakajifunza hesabu na sayansi kwa kupika, kushona na kuseremala. Mwaka 1918 mfuasi wake, William Heard Kilpatrick wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika makala juu ya njia ya mradi, na jina hilo likaenea duniani. Lakini kwa upande wa uandishi, mtu wa kukumbukwa zaidi ni Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji katika kusini ya Ufaransa. Mwaka 1924 alinunua mtambo mdogo wa kupigia chapa akautia darasani. Watoto wakaandika habari za kijiji chao, wakazisahihisha pamoja, wakazipanga herufi kwa herufi, wakazichapa, kisha wakazipeleka kwa watoto wa shule nyingine mbali huko Brittany, nao wakajibiwa. Mtoto aliyejua kwamba mwenziwe asiyemjua atausoma ukurasa wake hakuhitaji kuambiwa mara mbili aandike vizuri.

Asidhani msomaji kwamba mambo hayo yalikuwa mageni kabisa kwetu. Kabla ya Freinet kuzaliwa, vijana wa shule ya Kiungani, Unguja, wengi wao wakiwa wametolewa katika majahazi ya watumwa, walikuwa wamekwisha kuandika habari za maisha yao: walikozaliwa, walivyotekwa, njia waliyopitishwa hadi pwani. Bwana A. C. Madan wa Misheni ya Vyuo Vikuu alizitafsiri habari hizo kwa Kiingereza na kuzitoa kitabu mwaka 1887. Mwaka uliofuata likaanza hapo gazeti la Msimulizi, ambalo wanafunzi wenyewe walilitia chapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika utawala wa Wajerumani, shule ya Serikali ya Tanga nayo ikawa na mtambo wake, na humo likachapwa gazeti la Kiongozi. Kazi ya mkono na kazi ya kalamu zilikuwa zimeunganishwa. Tena walikuwapo wasomaji wa kweli.

Lakini tazama jambo moja. Vijana wa Kiungani waliandika kwa Kiswahili, na Kiingereza kikaandikwa na mwalimu. Hilo lilikuwa la maana sana kwa Kiswahili, kwani uandishi wa nathari yetu ulipata nguvu kwa njia hiyo. Aidha gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi kutoka kila pembe ya nchi, na watu wengi waliosoma miaka michache tu wakageuka kuwa waandishi kwa sababu palikuwa na mahali pa kuandikia na mtu wa kusoma. Kiingereza hakikupata bahati hiyo. Kilibaki lugha ya daftari la shule, iandikwayo na mwanafunzi, isomwe na mwalimu peke yake, itiwe alama nyekundu, ifungwe.

Upande wa bara, jembe lilitangulia kalamu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwafundisha watoto waliokombolewa kilimo na ufundi pamoja na dini, na kutoka huko misheni zao zilienea hadi Uluguru, zikafika Matombo na Mgeta. Mashamba na karakana zilistawi. Hata hivyo kazi ilikuwa kazi na masomo yalikuwa masomo. Aliyechonga mlango hakutakiwa aandike jinsi alivyouchonga.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walipoishika Tanganyika, ilikuja mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na pamoja naye Dakta James Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tume ilizunguka Afrika Mashariki, na taarifa yake ya mwaka 1925 ilishauri elimu ilingane na maisha ya watu: afya, kilimo, ufundi na nyumba. Kwa maneno matupu shauri hilo lilikuwa jema. Lakini wazazi wengi wa Kiafrika waliliona kwa jicho lingine. Waliwaona makarani, wakalimani na walimu waliojua Kiingereza wakipata mshahara na heshima, na wakauliza: kama jembe ni jema hivyo, mbona watoto wa Wazungu hawafundishwi jembe? Swali hilo halikuwa la ukaidi. Katika nchi ambayo mlango wa ofisi ulifunguliwa kwa Kiingereza, elimu ya jembe pasipo Kiingereza ilifanana na mlango uliopakwa rangi ukutani. Tangu hapo Kiingereza kikawa, katika mawazo ya watu, njia ya kuliepuka jembe. Na mtu hapendi kuandika habari za kitu anachokikimbia.

Shule za kati zilizoanzishwa katika mpango wa elimu wa miaka kumi, kuanzia 1947, zilionyesha shida hiyo wazi. Zilikuwa na mashamba, mahali pengine na ng'ombe, na masomo yake yalitakiwa yafuate kilimo cha mahali. Kiingereza nacho kilifundishwa humo. Lakini vitu hivi vilikwenda sambamba kama reli mbili, visikutane. Shambani amri zilitolewa kwa Kiswahili. Darasani Kiingereza kilikuwa imla, kujaza nafasi na insha za mambo ambayo mtoto wa kijijini hakuyaona. Haishangazi kwamba, uhuru ulipokaribia, wananchi waliudai mwelekeo huo wa kilimo uondolewe, na miaka ya mwanzo ya 1960 ukaondolewa.

Hapa Uluguru inatupa mfano ambao hautoki vitabuni mwa ualimu, ila wafundisha kuliko vitabu. Mwaka 1950 Serikali ilianza Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani ili mvua isiuchukue udongo. Makusudi yalikuwa kuuhifadhi mlima, lakini mkulima aliambiwa achimbe kwa hesabu ya siku na kwa hofu ya faini, wala hakuona faida katika mavuno yake. Mahali pengine ngazi zilifukua udongo mbaya zikaufukia ulio mzuri. Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Lakini upande wa Mgeta, juu ya Mlali, ngazi zilidumu. Kwa nini? Kwa sababu huko watu walikuwa na mboga za kuuza, maji ya mifereji, na barabara ya kwenda sokoni. Ngazi ilikuwa na kazi kwa mwenye kuichimba. Ardhi ilikuwa ya milima ileile, na chombo kilikuwa jembe lilelile. Kilichotofautiana ni haja.

Na zaidi ya hayo, taarifa za mpango huo, makisio yake na barua zake ziliandikwa kwa Kiingereza na maofisa, zikasomwa na maofisa. Mwaka 1953, miaka miwili kabla ya ghasia, ilikuwa imefunguliwa Mzumbe, jirani na Mlali, shule ya kuwafunza machifu, madiwani na watumishi wa serikali za wenyeji kazi za utawala. Shule hiyo ilikua ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na mwaka 2001 ikafanywa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Basi katika miaka ya 1950 chini ya mlima kulifundishwa kalamu, juu ya mlima kulilazimishwa jembe, na waliolishika jembe hawakuwa na njia ya kuandika neno ambalo wenye kalamu wangelisoma kabla ya risasi kulia. Msomaji aonaye kwamba uandishi ni pambo la shule tu, na aizingatie habari hiyo.

Tufike sasa mwaka 1967. Machi mwaka huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe pia shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kupanga, kuamua na kuona matokeo ya kazi yao. Hakutaka jembe litengwe na darasa: alitoa mfano kwamba tabia za mbolea zielezwe katika somo la sayansi, na matuta ya kuhifadhi udongo yafundishwe kwa nadharia wakati uleule yanapochimbwa, ili mwanafunzi ajue atendalo na sababu yake. Aliyekumbuka Matombo aliifahamu maana ya maneno hayo. Kwa hakika huo ulikuwa ufundishaji wa miradi katika sura yake iliyo bora, ukiwa umezaliwa katika hali zetu wenyewe.

Lakini mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki somo huko na lugha ya masomo katika sekondari. Uamuzi wa Kiswahili ulikuwa wa haki, nasi hatuuteti. Ila matokeo yake moja hayakutazamiwa: jembe likawa la Kiswahili kabisa, na Kiingereza kikazidi kuwa cha ubao na chaki. Halafu, shule nyingi zilivyozidi kuhitaji fedha, shamba likageuka kuwa chanzo cha mapato, na mahali pengine likawa adhabu ya waliochelewa. Maswali aliyotaka Mwalimu yaulizwe, yaani kwa nini tumepanda hivi, tumepata nini, tumekosea wapi, yaliulizwa katika shule chache. Na pasipo swali hapana cha kuandika.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu kuitengeneza hali hiyo kwa kutaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo cha pekee, bali kazi za kila siku, na za mikono pia, zihesabiwe. Baadaye, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Bwana Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Serikali haikulikubali shauri hilo. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alisema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Mwaka huohuo wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi wa nchi hii wakaona hali ya kusikitisha: katika kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho kwacho mtu angeweza kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Ndipo ukaja, kuanzia 1987, mradi wa msaada wa Uingereza wa kuinua Kiingereza mashuleni, uliotia mkazo mkubwa katika usomaji na kuleta vitabu vya hadithi vyepesi. Kusoma ni nusu ya njia. Nusu ya pili, kuandika jambo lako mwenyewe kwa mtu anayelihitaji, ilibaki vilevile.

Lakini katika miaka hiyohiyo, kilomita chache kutoka mjini Morogoro, palikuwa na shule iliyoishi kwa jembe na kwa Kiingereza kilichoandikwa. Serikali ya Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, chama cha ANC, shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, na mwaka 1978 ikaanza hapo shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na madarasa, shamba, karakana ya samani na hospitali. Elimu pamoja na uzalishaji ndiyo ilikuwa kanuni yao. Jumuiya hiyo ilihitaji kuandika kila siku: taarifa za shamba, kumbukumbu za mikutano, maombi ya vifaa, barua kwa wafadhili wa Uswidi, Norwei na Uholanzi. Makaratasi hayo mengi yamehifadhiwa leo katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, na watafiti huyasoma. Mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, nayo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hatudai kwamba kila kijana wa Mazimbu alikuwa mwandishi hodari. Twasema tu kwamba mahali pale kuandika Kiingereza hakukuwa zoezi. Kulikuwa sehemu ya kuishi.

Miaka ya karibuni njia ya mradi imerudi mara nyingine. Mitaala ya sekondari ya mwaka 2005 ilitaka wanafunzi wapimwe kwa umahiri, yaani kwa wanachoweza kutenda, si kwa walichokariri. Wakati huohuo shule za sekondari za kata zilienea, na watoto wa vijiji kama Mlali wakapata sekondari karibu na nyumbani, jambo ambalo babu zao hawakulipata. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeongeza mkondo wa amali, ambamo kilimo na ufundi vina mahali pake rasmi. Kwa hiyo jembe na kalamu vimeketi tena meza moja. Swali ni kama mara hii vitasemezana.

Ili kujibu, tutazame kwanza ugumu wa kuandika Kiingereza kwa mtu wa Kiswahili ulivyo hasa. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo. Kiingereza huandikwa kwa namna ambayo masikio hayawezi kuikisia. Kiambishi chetu cha nafsi ya tatu hakibagui mume na mke, kwa hiyo mwanafunzi humwandika mama yake kwa neno la mwanamume bila kujua. Kiingereza hutaka vijineno vidogo mbele ya majina, vya kuonyesha kama kitu kinajulikana au hakijulikani, na sisi hatuna vya namna hiyo. Nyakati zake za vitendo hazilingani na zetu. Mambo haya hayajifunzwi kwa kuelezwa mara moja. Hujifunzwa kwa kuyahitaji mara nyingi, katika maneno ambayo mwandishi anajali kama yameeleweka au la. Mwanafunzi anayejaza nafasi katika sentensi kumi za kitabu ameitumia kanuni mara kumi bila kuwa na lolote la kusema. Naye anayenakili ubao hakuitumia hata mara moja.

Tuchukue sasa nyanya za Mlali. Nyanya hukaa kitaluni kama mwezi mmoja, huhamishiwa shambani, na baada ya miezi miwili au mitatu huanza kuchumwa. Muda huo walingana karibu na muhula wa shule. Lau mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa kilimo wakaafikiana, kidato cha pili chaweza kulima matuta manne: mawili kwa mbolea ya samadi, mawili kwa mbolea ya dukani. Mwanzoni wanafunzi huandika barua kwa afisa ugani kuuliza mambo. Huko ndiko kuuliza kwa adabu kwa Kiingereza. Kila juma huandika katika daftari la shamba kilichotendwa na kilichoonekana. Huko ndiko wakati uliopita na kauli ya kutendwa, kwani taarifa husema miche ilihamishwa, maji yalitiwa. Wanapolinganisha matuta hujifunza maneno ya kulinganisha. Jani likijikunja, wapasa kueleza sababu na matokeo. Mwisho huandika taarifa nzima, yenye jedwali la gharama, matenga na bei, na kuipeleka kwa mtu: kwa bodi ya shule, kwa shule nyingine ya Mgeta ilimayo kabichi na viazi, au kwa chuo kimoja kati ya hivyo viwili vilivyo jirani, Mzumbe na Sokoine, ambavyo wasomi wake huitafiti Uluguru miaka nenda miaka rudi na kuandika habari zake kwa Kiingereza.

Katika kazi ya namna hii kusahihisha hubadilika sura. Rasimu ya kwanza husomwa na mwenzake, ambaye huuliza: matenga mangapi? Ya lini? Nani alitia maji? Rasimu ya pili hujibu. Mwalimu hushika kosa moja au mawili yanayozuia maana, hayashiki yote mara moja. Rasimu ya tatu huandikwa safi kwa sababu itatoka nje ya darasa. Hapo kijineno kidogo cha Kiingereza kinachotofautisha tuta fulani na tuta lolote hupata maana, maana msomaji aliye mbali hawezi kunyooshewa kidole tuta lenyewe.

Wako watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema kwamba kufanya hivi ni kukitukuza Kiingereza juu ya Kiswahili. La, sivyo. Vijana wa Kiungani walitangulia kuandika kwa Kiswahili, na ndiyo sababu walikuwa na jambo zito la kutafsiriwa. Majadiliano ya shambani na yawe ya Kiswahili, na rasimu ya kwanza ikibidi iwe hivyo pia. Afikiriye sawasawa kwa lugha aijuayo ana mali ya kupeleka katika lugha ngeni. Wa pili watasema kwamba mradi ni kisingizio cha kuwatumikisha watoto. Hofu hiyo ina historia, kama tulivyoona, na dawa yake ni kalamu yenyewe: mahali ambapo wanafunzi huandika hesabu ya siku za kazi na fedha zilizopatikana, na hesabu hiyo ikasomwa na wazazi, si rahisi jembe kugeuzwa utumwa. Wa tatu ni walimu, nao wana haki kuliko wote. Watasema darasa lina watoto wengi, vitabu ni vichache, na mtihani wa taifa hauulizi nyanya. Ni kweli, mwalimu mmoja hawezi kusahihisha insha ndefu za wanafunzi themanini kila juma. Lakini makundi manane yakiandika taarifa nane, mzigo huo unabebeka. Na mtihani hutaka barua, maelezo na hoja. Aliyewahi kuandika barua iliyojibiwa hataiogopa ile isiyojibiwa.

Liko jambo ambalo hata hivyo mradi hauwezi kulifanya. Hauwezi kuondoa haja ya sarufi, wala ya kusoma vitabu vizuri, wala ya mwalimu ambaye mwenyewe anaandika. Shule itakayolima nyanya na kuandika ukurasa mmoja mwisho wa mwaka kwa kumridhisha mkaguzi itakuwa imerudia makosa ya mashamba ya shule ya miaka ya 1970 kwa jina jipya.

Mafunzo ya historia hii, kwa maoni yetu, si mengi. Njia ya mradi ilishindwa mara ile wananchi walipoiona kuwa uzio wa kuwazuia wasiifikie lugha ya ofisi. Ikashindwa mara nyingine ilipogeuka kuwa shamba lisilo na swali. Ilistawi, hata kwa kitambo, kila mahali ambapo mtenda kazi alikuwa na jambo la kuandika na alijua ni nani atakayelisoma: Kiungani, Tanga, Mazimbu, na kwa Freinet ng'ambo. Ngazi za Mgeta zilidumu kwa sababu zilimfaa aliyezichimba. Na Kiingereza cha mtoto wa Mlali kitadumu kwa sababu hiyohiyo, siku kitakapomsaidia kumweleza mtu wa mbali kwa nini maji ya mfereji yamepungua, mbolea ipi ilizaa zaidi, na tenga la nyanya liligharimu shilingi ngapi kabla halijafika sokoni.